Picha ya Maji Ndani ya Mgongo

Huku kwetu Upare maumivu ya kiuno ni ya kila nyumba. Mama apandishaye kuni mlimani, na baba ashushaye magunia ya tangawizi kutoka Mamba Miamba, wote hufika jioni wameshika mgongo. Siku hizi watu husikia habari za picha ya MRI, wakaulizana kama ndiyo dawa. Yafaa tujue ni kitu gani.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati yake zimo diski, jumla 23. Ukingo wa diski ni nyuzi ngumu, na kiini chake ni ute ambao katika ujana ni maji kiasi cha asilimia 80. Juu na chini imefunikwa na gegedu jembamba. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya katika gegedu hilo.

Mpare ataelewa upesi akiitazama ndiva. Ndiva hujaa usiku, ikafunguliwa mchana mashamba yanyweshwe. Diski nayo hunywa maji tulalapo, na mchana hukamuliwa na uzito. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Lakini ndiva ikijaa matope haiweki maji mengi. Vivyo hivyo diski iliyochakaa hukauka na kubonyea, hasa zile mbili za chini kabisa.

Eksirei huonyesha mifupa, wala haionyeshi diski yenyewe. MRI hutumia sumaku kubwa, mara nyingi yenye nguvu zaidi ya mara 30,000 kuliko sumaku ya dunia. Sumaku hiyo huvipanga viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili. Mawimbi ya redio huvisukuma, navyo virudipo hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Kwa uvumbuzi huo Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Katika aina moja ya picha hizo, diski yenye maji huonekana nyeupe, na iliyokauka nyeusi.

Bibi yangu alipoumwa kiuno, jamaa walitaka kuuza ng'ombe apelekwe Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Je, ilikuwa lazima? Uchunguzi mwingi uliojumlishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa, kati ya watu wasioumwa mgongo, waliochakaa diski ni 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na 96 katika kila 100 wenye miaka 80. Basi diski nyeusi si lazima iwe ndiyo iumizayo. Mganga wa zahanati alimpima miguu kwanza, akamwambia atembee, asilale kitandani kutwa. Ng'ombe hakuuzwa.

Bali mguu ukilegea, ganzi ikishika mapajani kwa ndani, au mkojo ukizuilika au kutoka wenyewe, msingoje hata siku moja: mpelekeni mgonjwa hospitali. Na maumivu yakifuatana na homa au kukonda, msikae nyumbani.

Wanafunzi wenzangu, likizo i karibu. Tufikapo nyumbani, tuwapokee wazazi mizigo.