Shahada bila kuhama nyumbani: saa 3,600 zitatoka wapi?

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi neno "chuo kikuu" katika vijiji vya Usukuma lilikuwa na maana ya safari. Kijana alifunga sanduku, akasindikizwa na wazazi hadi kituo cha basi, akaenda zake Dar es Salaam au Morogoro. Ama yule aliyekwisha kuajiriwa, kuoa au kuolewa na kuzaa, huyo alihesabiwa kuwa siku zake za kusoma zimekwisha pita. Alibaki na cheti chake cha ualimu au cha uuguzi, akawatazama wadogo zake wakimpita cheo na mshahara.

Leo hali si hiyo. Mkazi wa Nkololo, wilayani Bariadi katika mkoa wa Simiyu, aweza kusomea shahada ya kwanza huku akilala nyumbani kwake, akifundisha katika shule ile ile na kupalilia shamba lile lile la pamba. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini wengi wanapojaza fomu husahau kuuliza swali moja: elimu hiyo ya nafuu, bei yake kamili ni ipi, na katika nyumba ni nani atakayeilipa?

WAZO LA ZAMANI

Kusoma bila kuhudhuria darasa si jambo lililozuka jana. Tangu mwaka 1858, University of London ilianza kuwatahini watu ambao hawakupata kukaa katika madarasa yake, na waliofaulu wakapewa shahada. Hata chuo chetu cha Dar es Salaam, kilipofunguliwa mwaka 1961, kilianza kwa kuwaandaa wanafunzi kwa shahada za London.

Nasi wenyewe tulikuwa na njia yetu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo kwa njia ya posta. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Nia ilikuwa njema: msomi asiwe mgeni kwa jasho la wenzake. Hata hivyo, idadi ya wanawake chuoni ilishuka, na sharti hilo likalegezwa kwao. Kulikuwa na funzo hapo ambalo halijachakaa. Mwanamke akishaanza kazi na maisha ya nyumba, kutoka kwenda kusoma si uamuzi wake peke yake.

Jibu kubwa lilikuja kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianza kazi mwaka 1993 chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Makao makuu yako Dar es Salaam, lakini mwanafunzi hutumikiwa na vituo vilivyo mikoani, na humo ndimo hufanyia mitihani yake. Zamani alisubiri vitabu vya masomo vilivyochapwa. Siku hizi masomo mengi humfikia kwa njia ya intaneti. Mwanafunzi wa Nkololo, basi, safari yake ya kawaida ni ya Bariadi mjini.

MLANGO WA KUINGILIA

Jina "huria" limewapotosha baadhi ya watu wakadhani kwamba yeyote huingia na yeyote hutoka na shahada. Sivyo. Aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu unaokubalika, na mwenye stashahada awe na wastani uliowekwa. Aliyepungukiwa kidogo aweza kupitia masomo ya msingi yanayotolewa na Chuo Huria chenyewe, ambayo hayamfai kitu asipofikia wastani wa 3.0. Mwenye cheti tu hana budi kupanda ngazi: cheti, stashahada, kisha shahada.

Uko pia mtihani wa kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata kazini na maishani, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ni heshima kwa watu wazima, kwa maana unakiri kwamba miaka ya kazi nayo ni shule. Ila usichanganywe na utaratibu wa Marekani, ambako tangu mwaka 1967 mtu aweza kutahiniwa katika somo alilojifunza mwenyewe na, akifaulu, chuo kikamhesabia somo hilo kuwa amekwisha kulimaliza. Mtihani wetu humfungulia mtu mlango tu. Akishaingia, kazi yote bado iko mbele yake.

HESABU YA FEDHA

Unafuu wa njia hii ni wa kweli. Mwanafunzi halipi bweni wala chakula cha chuoni, na mshahara wake haukatiki. Tena ada huhesabiwa kwa somo. Hili lina maana kubwa kwa nyumba inayotegemea pamba, ambayo fedha zake huja kwa msimu: mwaka wa mavuno mema huchukua masomo mengi, na mwaka wa ukame huchukua machache bila kuaga chuo.

Lakini ada si gharama yote. Iko nauli ya Bariadi, malazi siku za mitihani, vifurushi vya intaneti, simu au kompyuta ya kusomea na umeme wa kuichaji. Mwalimu anayesomea shahada ya ualimu ana mazoezi ya kufundisha. Vyote hivi viandikwe kwenye karatasi moja pamoja na sare na madaftari ya watoto, maana vyatoka mfuko mmoja.

HESABU YA SAA

Sasa tufikie gharama isiyoandikwa katika stakabadhi yoyote. Kwa utaratibu wa vyuo vikuu vya Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 3,600. Anayesoma saa mbili kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, atahitaji siku 1,800, yaani karibu miaka mitano. Akipumzika siku moja kwa juma, itakaribia sita.

Mchukue mwalimu mama wa Nkololo. Alfajiri huchota maji na kuwaandaa watoto. Mchana yuko darasani. Jioni kuna kuni, ugali na madaftari ya kusahihisha. Kuanzia katikati ya Novemba ni kupanda pamba, kisha kupalilia. Na ikishafunguka, ni kuchuma na kuchambua. Saa zake mbili zitatoka wapi? Zikitoka katika usingizi wake peke yake, mwaka wa pili hautafika kabla afya haijagoma. Tena masomo yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza, na asomaye peke yake usiku hana mwenzake wa kumwuliza neno lililomshinda.

Kwa hiyo tunasema wazi: shahada ya masafa husomwa na mtu mmoja, lakini hulipiwa saa na nyumba nzima. Baba anayejigamba sokoni kwamba mkewe yuko chuo kikuu, kisha akirudi nyumbani akauliza kwa nini maji ya kuoga hayajawekwa, hajalipa chochote hata kama ada yote imetoka mfukoni mwake. Kadhalika baba mwanafunzi anayejifungia na vitabu huku mkewe akibeba shamba na watoto peke yake, ajue kwamba anasoma kwa mkopo, na mkopo una siku yake ya kulipwa.

NINI KIFANYIKE?

Kabla fomu haijajazwa, familia ikae kikao. Mume, mke na watoto wakubwa wapange ni kazi gani ya jioni itahamishwa na itahamia kwa nani. Mtoto wa kiume wa miaka 12 hashindwi kuosha vyombo wala kuchota maji. Saa za kusoma zitajwe na ziheshimiwe kama saa za kazi.

Pili, mtumishi wa umma aanze kwa mwajiri wake: aombe ruhusa kwa maandishi na kuuliza kama shahada anayoitaka itatambuliwa katika kazi yake. Ni uchungu kumaliza miaka sita ndipo uambiwe kwamba somo hilo halikubadilishii daraja.

Tatu, ahakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba chuo na masomo anayoyataka vimeidhinishwa. Yeyote anayeahidi shahada ya haraka isiyo na mitihani anauza karatasi.

Nne, wanaosoma wasikae kila mtu na taa yake. Walimu wawili watatu wa kata moja wakikutana kila Jumamosi, waweza kugawana nauli, vitabu na maneno magumu ya Kiingereza. Wasukuma wanajua kulima kwa zamu, leo shamba la huyu na kesho la yule. Kitabu nacho ni shamba.

Shahada ikipatikana kwa namna hiyo, watoto watakuwa wamepata somo lisilotozwa ada. Kwa miaka mitano au sita watakuwa wamemwona mzazi wao akikaa na kitabu kila jioni, nao wakishika sehemu yao ya kazi ili asome.