Mboga, Ndizi na Mafuta: Lugha ya Ushahidi katika Miongozo ya Lishe Wilayani Kyela

Mwongozo wa lishe unaotegemea ushahidi huandaliwa kwa kukusanya matokeo ya tafiti, kupima uhakika wake, kisha kutoa mapendekezo kwa wahudumu wa afya. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23, ambao unataka, pamoja na mengine, mtoto apewe nyama, samaki au mayai kila siku. Pendekezo hilo ni la nguvu, ingawa ushahidi wake umekadiriwa kuwa wa uhakika mdogo. Tofauti hiyo hupotea kwa urahisi katika tafsiri. Nchini Tanzania, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, suala hili si la nadharia tu. Makala haya yanachunguza hatua inayotangulia hayo yote, yaani swali analoulizwa mama.

Mlo wa mtoto hupimwa kwa kumwuliza mlezi kila alichokula mtoto siku iliyotangulia. Majibu hupangwa katika makundi manane, likiwemo la maziwa ya mama, na mtoto aliyefikisha makundi matano huhesabiwa kuwa amepata mlo wenye mchanganyiko unaotosha.

Utata huanzia kwenye neno mboga. Katika Kiswahili cha bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na wali au ugali. Hivyo mtu husema bila kushangaza yeyote kuwa mboga ya leo ni samaki. Pwani, nafasi hiyo aghalabu hushikwa na kitoweo. Mama wa Ipinda aliyemlisha mtoto usipa wa Ziwa Nyasa akiulizwa kama mtoto alikula mboga, atajibu ndiyo, na mdadisi asiyepeleleza zaidi ataandika majani. Kosa hilo hurudi kwa mlango mwingine: ushauri wa "mpe mboga kila siku" waweza kutimizwa kwa mchicha mtupu au kwa usipa mtupu.

Ndizi nayo ina tatizo lake. Ndizi mbichi iliyopikwa huwekwa pamoja na nafaka na mizizi. Ndizi mbivu huwekwa na matunda. Kyela huliwa zote mbili. Vilevile neno mafuta huficha mawese, zao la michikichi ya wilaya hiyo, ambayo yasiposafishwa huwa na karotini nyingi inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A.

Yaweza kudaiwa kwamba haya ni makosa madogo ya uwandani yanayosawazishwa na wingi wa watu wanaohojiwa. Dai hilo halikubaliki. Makosa yanayotokana na maana ya neno huelekea upande mmoja, na kuongeza kaya elfu moja ni kulirudia kosa lilelile mara elfu moja. Aidha, wadadisi wengi hulazimika kulifasiri swali papo hapo kwa Kinyakyusa, kila mmoja kwa namna yake, na tafsiri hizo haziandikwi popote.

Swali lingefaa kufuata sufuria badala ya jina la kundi. Mama akisema mtoto alikunywa uji, aulizwe uji ulikuwa wa unga gani na ulitiwa nini. Hapo ndipo usipa uliosagwa utakapotajwa.