Jumamosi moja Chuga: Boma, Azimio, halafu mpira... na babu awepo

Wadau, kila likizo swali ni lile lile. Familia ina Jumamosi moja, pesa ni ya mawazo, watoto tuwapeleke wapi? Serengeti ni mbali na gharama yake mnaijua. Mwisho wa siku tunaishia kula chipsi kuku mjini, watoto wanapanda bembea, saa kumi na mbili mko nyumbani mnaangalia TV. Wakati huo huo mzungu katoka kwao huko, kalipa dola, anapiga picha majengo ambayo sisi tunayapita na kifodi kila siku bila hata kugeuza shingo.

Leo nataka kueleza jinsi ya kupiga Jumamosi ya maana hapa hapa Arusha mjini, kwa miguu, kuanzia asubuhi mpaka mpira wa saa kumi. Kuna sharti moja tu: msiende bila mzee. Bibi, babu, mjomba mkubwa, yeyote mwenye mvi za kweli. Ngoja nieleze kwa nini.

Wenzetu Marekani wana kitu wanakiita historia hai. Kuna mji mdogo unaitwa Cooperstown, jimbo la New York. Pale pana makumbusho ya besiboli yaliyofunguliwa 1939, na pia kijiji cha makumbusho ambako watu wanavaa nguo za zamani, wanafua chuma na kulima kama walivyofanya mababu zao, watoto wanasimama wanauliza maswali. Asubuhi familia inaona mhunzi, mchana inakwenda kutazama mechi ya besiboli kwenye kiwanja cha hapo hapo. Wazo zuri sana. Ila angalia: yule mhunzi ni mfanyakazi tu, kafundishwa kazi, hakuwepo enzi hizo. Sisi waliokuwepo tunao sebuleni, wanasikiliza redio.

Lakini hatunao milele. Aliyekuwa kijana wa miaka 18 Azimio la Arusha lilipotangazwa, alizaliwa 1949. Mtoto wa miaka 12 wakati Wameru wanafukuzwa Engare Nanyuki, alizaliwa 1939. Piga hesabu mwenyewe wako wangapi mtaani kwenu.

Na hiyo ya Engare Nanyuki nianze nayo, maana vijana wengi wa mjini hawaijui kabisa, hata wale ambao kwao ni Meru! Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliamua kwamba ardhi ya upande wa kaskazini mashariki mwa Mlima Meru wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Wameru kama 3,000 waliondolewa kwa nguvu, polisi walikuja, nyumba zikachomwa moto. Watu wale hawakuchukua mikuki. Walichanga pesa, wakamtuma mtu Umoja wa Mataifa. Jina lake Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini, akiwa na mwanasheria wake Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akaeleza kilichotokea kijijini kwao. Ilipofika Desemba mwaka huo kwenye Baraza Kuu, hoja ya kuwatetea haikupata theluthi mbili ya kura. Walishindwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akihadithia, na TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, watu wengi walikuwa wameshasikia kwamba Mwafrika anaweza kwenda kumshitaki Mwingereza mbele ya dunia nzima.

Sasa, kama babu yenu ni wa upande ule, hiyo habari yeye hakuisoma kwenye kitabu. Mwingine alibeba mbuzi mgongoni siku ile. Huyo ndiye wa kwenda naye.

Haya, tuanze safari. Saa tatu asubuhi kutaneni Mnara wa Saa. (Wanasema hapo ndio katikati ya Cape Town na Cairo. Wenyeji tunapenda kuamini hivyo, msibishane sana na watoto.) Pandisheni na Barabara ya Boma mpaka mwisho, mtaliona jengo jeupe lenye kuta nene. Hilo ndilo Boma la Wajerumani, siku hizi Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na mwanafunzi analipa kidogo zaidi, kwa hiyo watoto wavae sare za shule au wabebe vitambulisho.

Boma lilijengwa 1900. Miaka minne nyuma yake, 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Wajerumani wakaja kulipiza: vijiji vikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikafyekwa. Ngome hii ndiyo ilikuwa muhuri wa ushindi wao, na waliolazimishwa kuijenga ni Waarusha na Wameru wenyewe. Hapo msipite haraka. Mwambie mtoto aushike ukuta aone unene wake, halafu muulizeni bibi (au koko, kama nyie ni Waarusha) alisikia nini kwa mama yake kuhusu kazi ile. Familia nyingi za Kiarusha zina masimulizi ya enzi hizo, tatizo hakuna anayeuliza.

Jeshi lilikaa humo mpaka 1934, likageuzwa ofisi za serikali, na tangu 1987 ni makumbusho. Ndani kuna mambo ya chanzo cha binadamu: Oldupai, na nyayo za Laetoli ambazo timu ya Mary Leakey ilizichimbua 1978. Nyayo zina miaka milioni 3.6, watu wale walitembea kwenye majivu ya volkano yaliyolowa, yakakauka kama saruji. Watoto wanapenda sana hapo. Mimi naona saa moja na nusu inatosha, bustani ya nje mtakaa kidogo mzee apumzishe miguu.

Kutoka hapo shikeni Barabara ya Makongoro kuelekea magharibi. Ni mwendo wa chini ya nusu saa, kwa mzee weka zaidi, au mpandishe bajaji nyie mtembee. Njiani kuleni. Ushauri wangu acheni chipsi siku hiyo moja, tafuteni mahali wanauza loshoro, yale mahindi yaliyokobolewa na maziwa mgando. Ni bei poa na mzee ataanza kusimulia bila kuombwa.

Mwisho wa barabara mtakutana na ule mnara mkubwa wa Mwenge kwenye mzunguko, na jirani yake nyumba ya kawaida kabisa. Watu wanaipita. Hiyo ndiyo Makumbusho ya Azimio la Arusha! Ilikuwa ukumbi wa ustawi wa jamii tu, watu wa Kaloleni wakikutana. Januari 26 mpaka 29, 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha, wakapitisha Azimio, likatangazwa Februari 5. Siku iliyofuata mabenki yakataifishwa. Nyumba ikawa makumbusho 1977, Azimio likitimiza miaka kumi.

Ndani ni picha nyingi na maandishi, na niseme ukweli, mtoto wa miaka nane atachoka baada ya dakika kumi na tano. Picha hazisemi. Ndio maana nikasema mzee awepo. Msimamishe mbele ya picha ya Mwalimu, kisha mjukuu aulize: "Babu, shikamoo, hivi siku ile wewe ulikuwa wapi?" Hapo ndio mtasikia mambo. Mwingine atasema aliandamana, mwingine duka la baba yake lilitaifishwa, mwingine ataanza kulaumu vijiji vya ujamaa na foleni za sukari za miaka ya 80 mpaka mhudumu ageuke. Mwacheni. Azimio lilikuwa na pande zake, na ukutani hamtaziona zote.

Kitu kimoja watoto wa sekondari wakitafute humo: masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au serikali hakuruhusiwa kuwa na hisa kwenye kampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar, Februari 1991, kwenye kikao cha CCM. Vijana wasome, halafu watembee mjini wahesabu nyumba za kupangisha za waheshimiwa. Siongezi neno hapo, nina familia.

Saa tisa na nusu elekeeni uwanjani, ni karibu tu. Sheikh Amri Abeid. Kila mtu Chuga anaujua uwanja, waulize sasa Amri Abeid alikuwa nani... kimya! Wengine wanadhani alikuwa golikipa. Kaluta Amri Abeid alizaliwa Ujiji 1924, shehe wa Ahmadiyya na mshairi mkubwa. Kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi ndicho walimu wa Kiswahili wanachokitumia mpaka leo wakifundisha vina na mizani. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, akafariki 1964 akiwa na miaka 40 tu. Kwa hiyo mnakaa kwenye uwanja wa mpira wenye jina la mshairi. Duniani viko vichache.

Mechi gani? Angalieni ratiba kabla ya kutoka nyumbani. Simba na Yanga si kila wiki, lakini Arusha ina timu zake, Mbuni FC na TMA Stars zilicheza Championship msimu wa 2023/24, na kiingilio cha mechi hizo hakiumizi. Mechi ndogo ni nzuri zaidi kwa familia, hamsukumani mlangoni. Mzee mnunulie tiketi ya jukwaa lenye paa, jua la saa kumi linachoma na kiti kina mahali pa kuegemea. Nyie wengine kaeni mzunguko na karanga zenu.

Waliokuwepo pale Julai 2, 2022 watawahadithia watoto wao. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga na Coastal Union, mabao 3-3. Abdul Suleiman "Sopu" alifunga yote matatu ya Coastal peke yake, na bado akarudi Tanga mikono mitupu, Yanga wakashinda kwa penalti 4-1. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile, naye ana kitu cha kusimulia akizeeka.

Na besiboli? Ipo Bongo, msicheke. Wajapani wameileta kwenye shule zetu, na Desemba 2018 ulifunguliwa uwanja wake wa kwanza nchini pale Sekondari ya Azania, Dar. Huku kwetu bado, dada zetu wanaendelea na rede, ambayo kwa maoni yangu inahitaji shabaha zaidi.

Jambo la mwisho la kupanga. Uwanja mpya wa watu 30,000 umeanza kujengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, tunayoiandaa na Kenya na Uganda. Mechi kubwa zitahamia huko, nje ya mji, na huu mzunguko wa kwa miguu kutoka Boma mpaka Azimio mpaka mpirani hautawezekana tena kwa siku hizo. Mzee naye akikwambia wiki ijayo, usikubali haraka. Simu yako weka chaji usiku wa Ijumaa, maana akianza kuongea utataka kumrekodi, na tafadhali muombe ruhusa kwanza.