Mkwaruzo Unavyotambulisha Vito

Ugumu wa madini hupimwa kwa mkwaruzo: jiwe gumu hulikwaruza lililo laini, nalo laini haliachi alama juu ya gumu. Ugumu huu ni tofauti na uwezo wa kustahimili nyundo. Almasi, ambayo katika vito hukwaruzwa na almasi nyingine tu, hupasuka kwa pigo moja likiipata kwenye mwelekeo wake wa mpasuko. Anayejaribu almasi kwa nyundo hathibitishi chochote, hujipatia hasara tu.

Kipimo kinachotumika hadi leo kilipangwa mwaka 1812 na Friedrich Mohs, Mjerumani aliyefanya kazi Graz, nchini Austria. Alichagua madini kumi na kuyapanga kuanzia laini kabisa: talki 1, jasi 2, kalisaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatzi 7, topazi 8, korandamu 9 na almasi 10. Namba hizo zinaonyesha nani anamkwaruza nani, basi. Hazipimi kiasi. Pengo kati ya korandamu na almasi ni kubwa kuliko lote lililo kati ya talki na korandamu, ingawa kwenye orodha ni hatua moja tu.

Asiye na madini hayo kumi huanza na vitu vya kawaida. Ukucha una ugumu wa 2.5 hivi, sarafu ya shaba karibu 3, kioo cha dirisha na ubapa wa kisu kama 5.5, na tupa ya chuma 6.5. Kipande cha kwatzi, kinachookotwa sehemu nyingi, huongeza namba 7, na hapo ndipo vito vingi huanza kutengana na mawe ya kawaida. Hata hivyo, imani kwamba jiwe linalokata kioo ni almasi haina msingi, kwani kwatzi yenyewe hukikata.

Jaribio hufanywa kwenye uso safi wa jiwe ghafi, pasipochakaa kwa mvua na jua, maana ganda lililooza huwa laini kuliko jiwe lenyewe. Ncha kali ya jiwe linalojulikana hukandamizwa na kuvutwa milimita chache. Kisha alama hufutwa kwa kidole chenye unyevu na kuangaliwa kwa lenzi. Ikifutika, ni unga wa jiwe laini uliobaki juu ya gumu. Ikibaki, ni mkwaruzo wa kweli. Baadaye mawe hubadilishana zamu, na hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, ilhali ndiyo inayoondoa utata.

Tanzanaiti ya Mererani, mkoani Manyara, inaweza kufanana kwa rangi na yakuti samawi. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7, wakati yakuti samawi, ambayo ni korandamu, ina 9. Ncha ya topazi itaikwaruza tanzanaiti na kuiacha yakuti bila alama. Tofauti hiyo huonekana hata baada ya mauzo: vumbi la nyumbani huwa na chembe za kwatzi, hivyo pete ya tanzanaiti hufifia mng'ao mapema kuliko ya yakuti.

Rubi, ambayo pia ni korandamu, na spineli nyekundu ya Mahenge nazo huchanganywa. Spineli ina ugumu wa 8, kwa hiyo kipande cha korandamu huikwaruza waziwazi. Jiwe la Longido hubeba tofauti kubwa zaidi ndani ya kipande kimoja: rubi ya 9 imelala ndani ya zoisaiti ya kijani yenye 6 au zaidi kidogo. Anayeling'arisha huona sehemu ya kijani ikiliwa haraka na rubi ikibaki imeinuka.

Kuna mahali mkwaruzo hausaidii. Tsavoriti na turumalini ya kijani zote ziko kati ya 7 na 7.5, hivyo haziwezi kutenganishwa kwa njia hii. Kayanaiti, inayopatikana Taita Taveta, ina ugumu wa takriban 5 kwa urefu wa fuwele na karibu 7 kwa upana wake. Tena, rubi zinazotengenezwa maabara kwa mbinu aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902 ni korandamu halisi, na ugumu wake ni 9 kama wa zile zilizotoka ardhini.

Jiwe lililokwisha kukatwa halikwaruzwi kamwe, kwa sababu alama ndogo tu hushusha bei yake. Hapo hupimwa uzito wake ndani na nje ya maji ili kupata msongamano, hupimwa jinsi linavyopinda mwanga, na ndani yake huchunguzwa kwa hadubini. Rubi ya maabara ya Verneuil hujulikana hivyo: ndani yake huwa na mistari iliyopinda na viputo vya hewa, wakati mistari ya ukuaji katika rubi ya asili hunyooka.