Kwa Nini Sikuzituma Zile Picha za Skrini

Katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu, siku hizi mimi ndiye msaliti. Kaka yangu na mkewe wanatalikiana huko Kisumu, na tableti ambayo kaka aliwaachia wanangu alipotutembelea hapa Reading, Uingereza, bado iko wazi kwenye akaunti yake ya Facebook. Shangazi alitaka nifungue ujumbe wake, niupige picha, nimtumie wifi aupeleke kwa wakili. Nilikataa. Sasa inasemwa namlinda ndugu wa damu na kumtupa mke aliyemuuguza mama yetu hadi mwisho. Maneno hayo yameniuma, kwa hiyo acheni nieleze.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 bado inamtaka anayeomba talaka athibitishe jambo: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, upotovu uliokithiri, au kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Ndiyo maana kila mtu anachimba simu ya mwenzake. Kaka alifunga ndoa kanisani, na ndoa hiyo ni ya mke mmoja. Ikiwa kweli alipeleka ayie, yaani malipo ya kwanza ya posa kwa Waluo, Homa Bay kwa mwanamke mwingine, na picha zikawekwa hadharani, wifi ana haki ya kuziwasilisha. Ziliwekwa zionekane. Ujumbe wa faragha ni jambo jingine.

Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi kinakubali ushahidi wa kidijitali, lakini hakimu hupima ulivyotunzwa na kama aliyeuandika anajulikana. Kifungu cha 106B kinadai cheti cha kueleza nakala ilitokana na kifaa gani na ilitolewaje. Cheti hicho angekitia sahihi nani? Mimi, niliyeingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake? Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na ibara ya 50(4) inaiamuru mahakama ikatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa kuupokea kutaharibu haki ya kesi. Juu ya hayo, sheria ya makosa ya kimtandao ya 2018 inatoza kuingia bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Wakili wa kaka angeacha kumjibu wifi, akaanza kunishughulikia mimi.

Hapa Uingereza hakuna uchimbaji wa namna hiyo. Tangu tarehe 6 Aprili 2022, anayetaka talaka katika Uingereza na Wales huandika tu tamko kwamba ndoa imevunjika. Hataji kosa la mtu, na mwenzake hawezi kuizuia kwa kudai kwamba ndoa bado ni nzima. Unajaza fomu mtandaoni, zinapita wiki 20, unaomba amri ya kwanza, kisha wiki 6 nyingine kabla ya amri ya mwisho. Mume na mke wanaweza hata kuomba pamoja.

Waingereza hawakuanza hivyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya hapa ilimkatalia Tini Owens talaka, ingawa alikuwa ameorodhesha visa 27 vya mumewe na nyumbani alikuwa ameshahama. Alilazimika kubaki mke wa mtu hadi 2020, miaka 5 ya kutengana itimie. Watu walikasirika, na sheria ikabadilika. Mitandao bado ina uzito kwenye mambo ya fedha, maana anayeiambia mahakama hana kitu huku akijipiga picha Dubai ataulizwa. Lakini hakuna anayelazimishwa kuonyesha nani alilala na nani ili tu aachiliwe. Kwetu bado watu wanaanikana mbele ya hakimu, na mimi nasema ni aibu yetu.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba kinachoweza kumsaidia wifi kimo kwenye simu yake mwenyewe. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema usawa wa wanandoa hauleti mgawo wa mali wa nusu kwa nusu papo hapo. Kila mmoja aonyeshe mchango wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pia kulea watoto na kazi za nyumbani. Basi na atoe taarifa za M-Pesa za kumlipa fundi, na ujumbe alioandikiana na kaka kuhusu mabati ya nyumba yao ya Mamboleo.

Tableti yenyewe nimeifunga kabatini, maana binti yangu wa miaka 13 alishaanza kusoma ujumbe uliomo. Aliniuliza kama picha alizopiga na mjomba wake zitapelekwa kortini. Mdogo wake akauliza kama binamu zao wataruhusiwa kuja Krismasi, na sikuwa na jibu. Binti yangu ndiye aliyenionyesha video aliyoiweka shangazi TikTok, watoto wa kaka wakiwa wamevaa sare za shule, na maneno kuhusu baba yao yameandikwa juu ya vichwa vyao. Mkubwa wao ana miaka 9, anajua kusoma, na wenzake darasani wana wazazi wenye simu. Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza maslahi ya mtoto, na hakimu atakayeamua wakae na nani anaweza kuonyeshwa video hiyo dhidi ya wifi yuleyule tunayetaka kumsaidia. Shangazi, nakuomba kwa heshima zote, iondoe leo.