Bima ya afya kwa dereva wa masafa marefu: hukumu yake na mipaka yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Himdi zote zinamstahikia Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake.

Wako ndugu zetu wengi ambao nyumba yao ni lori. Anapakia kontena Mombasa, analala Mlolongo au Salgaa, anapanga foleni Malaba siku mbili tatu, anashusha Kampala, Kigali au Juba, kisha anarudi kupakia tena. Kutoka Mombasa hadi Nairobi peke yake ni takriban kilomita 480, na hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Mtu wa namna hii huugua kama watu wengine, pengine zaidi yao, kwa kuwa anakaa kitini mchana kutwa, analala vibaya, anakula ovyo na anapita sehemu zenye malaria. Lakini hana zahanati ya mtaani anakojulikana, na siku akianguka huwa yuko mbali na ahli zake.

Juu ya hayo, baadhi yao wamebaki bila kinga yoyote kwa sababu mbili. Wako waliosikia kwamba bima ni haramu, basi wakaacha zote bila kutofautisha. Na wako wanaodhani kwamba kadi waliyo nayo mfukoni inafanya kazi kila wanapofika. Makala haya yanaeleza mambo yote mawili: hukumu ya bima ya afya, na mahali ambapo kila kinga inaanzia na kuishia.

Je, kujikinga kunapingana na tawakkul?

La. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimwelekeza yule mtu aliyeuliza kuhusu ngamia wake amfunge kwanza, kisha ategemee. Aidha ameamrisha kutafuta matibabu. Dereva anayekagua breki na matairi kabla ya kuteremka Mazeras hajapunguza imani yake, na anayejiandalia gharama za ugonjwa kabla haujamfika yuko vivyo hivyo. Suala la sheria haliko katika kujikinga, bali katika aina ya mkataba anaoingia.

Wanazuoni wamesema nini kuhusu bima?

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, iliyo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, ilikutana Jeddah mwezi Desemba 1985 na kuamua kwamba bima ya kibiashara yenye malipo maalumu ni haramu, kwa kuwa ndani yake mna gharar kubwa inayoharibu mkataba. Gharar ni kuuziana jambo lisilojulikana: unalipa kila mwezi, hujui utapata nini, na kampuni nayo haijui itatoa nini. Majmaa ya Makka ilikwishafikia uamuzi kama huo mwaka 1978, ingawa Sheikh Mustafa az-Zarqa alikuwa na rai tofauti na akaruhusu. Hivyo khitilafu ipo, lakini kauli ya vyombo hivi viwili ndiyo iliyoshika nguvu.

Vyombo hivyo havikufunga mlango. Vyote viwili vilieleza kwamba badala ya bima hiyo ipo bima ya kushirikiana, inayosimama juu ya tabarru', yaani kujitolea. Washiriki wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, na atakayefikwa na tatizo anasaidiwa kutoka humo. Asili yake haikuanza leo. Imesimuliwa katika Bukhari na Muslim kwamba Ash'ariyyun walipopungukiwa na chakula vitani, au chakula cha watoto wao kilipopungua mjini, walikusanya walichonacho katika nguo moja kisha wakagawana sawasawa, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akawasifu kwa jambo hilo.

Kuhusu bima ya afya hasa, Majmaa ya Jeddah ilitoa uamuzi wake katika kikao cha Dubai, Aprili 2005. Kwa ufupi ni mambo matatu:

1. Mkataba wa moja kwa moja baina ya mtu na hospitali, analipa kiasi fulani nayo inaahidi kumtibu kwa muda maalumu, unaruhusika kwa masharti yanayoifanya gharar iwe ndogo, kwa kuwa haja ya matibabu ni kubwa. Miongoni mwa masharti hayo ni kubainisha wazi huduma zitakazotolewa.
2. Bima ya afya kupitia kampuni ya takaful inaruhusika.
3. Bima ya afya kupitia kampuni ya kibiashara inabaki katika hukumu ya mwaka 1985, yaani hairuhusiki.

Na bima ya serikali, SHA?

Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2023. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Anayelipwa Sh40,000 anakatwa Sh1,100. Asiye na mshahara maalumu, kama dereva anayelipwa kwa safari, anakadiriwa kwa kipato cha nyumba yake na analipa kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, sawa na Sh3,600 kwa mwaka.

Mfuko huu ni wa umma. Haukuanzishwa ili wenye hisa wagawane faida, na mchango wake umelazimishwa na sheria. Kwa sababu hizo rai tunayoiona kuwa karibu zaidi na sawa ni kwamba hauingii katika bima ya kibiashara iliyokatazwa. Uko karibu na kusaidiana kwa raia chini ya usimamizi wa dola, na Muislamu aliyechangia hana ubaya kutibiwa kwa mfuko huo. Kwa hiyo asiache mtu kujisajili kwa hoja ya uharamu.

Dereva ayajue haya:

Kujisajili kunafanyika kwa kitambulisho, hata kwa simu kupitia *147#. Aliyejisajili anatibiwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kwa mfuko wa afya ya msingi unaogharimiwa na serikali, hata kama hajalipa mchango. Kulazwa na upasuaji katika hospitali kubwa kunahitaji mchango uliolipwa.

Mwajiri anayekata mshahara anatakiwa kuwasilisha fedha hizo ifikapo tarehe 9 ya kila mwezi. Dereva aangalie mara kwa mara kwa simu kama malipo yake yamefika, asingoje kuambiwa na karani wa hospitali akiwa juu ya machela. Na mwajiri anayekata kisha asiwasilishe ajue kwamba amekula amana, na anabeba dhima ya madhara yatakayompata mfanyakazi wake.

Asiyeweza kulipa ya mwaka kwa pamoja, na akapendekezewa mkopo wa kumlipia, aulize kwanza kama mkopo huo una riba. Ikiwa upo, ajiepushe nao. Aweke kidogo kidogo kila safari mpaka kitimie, au aombe mkopo mwema kwa ndugu zake.

Kinga inaishia wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. SHA inalipa matibabu ndani ya Kenya. Ukivuka Malaba au Busia, zahanati ya Tororo au Kampala haitaihesabu. Na Uganda haina mfuko wa bima ya afya wa taifa ambao mgeni angeweza kuuegemea. Kwa hiyo dereva anayetumia nusu ya mwezi nje ya nchi ana kinga ya nusu ya maisha yake.

Iko Kadi ya Njano ya COMESA inayobebwa na gari linalovuka mipaka. Kadi hii inashughulikia madai ya watu walioumizwa na gari hilo katika nchi nyingine mwanachama, pamoja na gharama za matibabu ya dereva na abiria wake walioumia katika ajali. Neno la kuzingatia ni ajali. Malaria, presha, sukari na maumivu ya tumbo hayamo. Asije mtu akaiita bima ya afya.

Vilevile Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inayohusu fidia kwa wanaoumia kazini, maarufu kama WIBA, inamlazimisha mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima ya kuumia au kuugua kutokana na kazi, na inamfikia pia aliyetumwa nje ya nchi kwa muda. Mkataba huo ni wa mwajiri na unamlazimu kisheria. Dereva hana dhambi kwa hilo, na fidia ni haki yake. Auulizie kabla ya safari, na utingo wake pia aulizie, maana mara nyingi utingo huchukuliwa barabarani bila karatasi yoyote.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania mpangilio unafanana. Iko Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) kwa walioumia kazini. Lakini anayevuka Tunduma kwenda Zambia au Kongo aulize swali lilelile: nikiugua ng'ambo, nani atalipa?

Namna ya kuziba pengo

Kwanza, takaful. Kenya imekuwa na kampuni ya takaful tangu 2011, nayo ni Takaful Insurance of Africa. Neno takaful juu ya bango halitoshi, hivyo mtu aulize: Je, mfuko wa washiriki umetengwa na mali ya kampuni? Ziada ikibaki ni ya nani? Ipo bodi ya wanazuoni inayosimamia? Kisha aulize yanayomhusu yeye msafiri: Kinga hii inavuka mpaka? Hospitali zipi za Nakuru, Eldoret na Malaba zinaipokea? Nikilipa mwenyewe ng'ambo nitarudishiwa kwa risiti? Sukari au presha niliyonayo tayari imo? Nisubiri muda gani kabla ya kuanza kutibiwa?

Pili, mfuko wa madereva wenyewe. Madereva 30 wakitoa Sh500 kila mwezi, kwa mwaka wanapata Sh180,000. Kiasi hicho kinaweza kumlaza mmoja wao hospitali ng'ambo na kumrejesha nyumbani. Sharti lake ni kwamba mchango uwe tabarru'. Mtu ametoa, hadai arudishiwe kama hakuugua. Hii ndiyo tofauti yake na mchezo wa kupokezana, ambapo kila mmoja anasubiri zamu yake. Yaandikwe masharti, wawekwe waaminifu wawili watatu wa kushika hesabu, na fedha zisiwekwe katika akaunti ya riba.

Tatu, aliyekosa yote mawili na bima ya kibiashara ndiyo pekee iliyobaki mbele yake, huku akihofia madhara ya kweli, asijitolee fatwa mwenyewe. Amweleze sheikh hali yake kama ilivyo, kwa kuwa dharura hupimwa kwa kiwango chake na hazifanani baina ya watu.

Uaminifu katika kadi

Yako mambo mawili yanayofanyika sana na hayafai. La kwanza ni kumwazima mwenzako kadi au jina lako atibiwe kwalo. Nia inaweza kuwa huruma, lakini huo ni uongo na ni kula mali ya wachangiaji wengine. Tena ni hatari, kwa sababu maradhi yake na dawa zake zinaandikwa kwa jina lako. La pili ni kuficha ugonjwa wakati wa kujaza fomu. Huo ni ghishi, na siku ya haja ndio unaoivunja kinga yenyewe.

Na mwenye wake zaidi ya mmoja, ambao pengine wako miji tofauti, ahakikishe kila mke na watoto wake wana kinga. Matibabu ni katika mambo ambayo uadilifu unahitajika.

Aliyekwisha kwama

Dereva aliyelazwa ugenini bila fedha anaweza kuingia katika fungu la ibn as-sabil, msafiri aliyekatikiwa, hata kama kwao ana mali asiyoweza kuifikia. Hapo anapewa zaka ya kumtosha mpaka afike. Na aliyelemewa na deni la hospitali asiloliweza anaweza kuingia katika fungu la wenye madeni. Misikiti iliyo kando ya barabara kuu, hasa ya miji ya mpakani, ingefanya vyema kutenga sehemu kwa ajili yao na kubandika namba ya simu ya mhusika mlangoni. Ndani ya Kenya, ajue pia kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Asikubali kuachwa nje ya lango akivuja damu.

Basi, ndugu dereva, kabla ya safari ijayo andika katika karatasi moja: namba yako ya SHA, bima ya kazini ya mwajiri wako, namba ya Kadi ya Njano, maradhi uliyonayo na dawa unazotumia, na simu ya mtu wa nyumbani. Iweke pamoja na leseni, na nakala yake mwachie mkeo. Mara nyingi anayeihitaji ni mtu mwingine, wakati wewe huwezi kusema.

Tunamwomba Allah Awahifadhi wasafiri wetu wa barabara na bahari, Awaponye wagonjwa wao na Awarejeshe kwa ahli zao salama.

Wallahu a'lam.