Ndege za vita za zamani: Namba ya mkiani inavyoweza kufufua historia iliyosahaulika

Picha za aina hii karibu zote zinafanana. Mtu amesimama juu ya bawa la ndege ya miaka ya 1940, miwani ya jua usoni, mkono mmoja kwenye ukingo wa chumba cha rubani. Anatabasamu kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

Pamoja na picha huja hadithi: siku aliyoirusha ndege hiyo, harufu ya oili, moshi wa injini ilipowaka, na jinsi gurudumu la nyuma lilivyomtoa jasho wakati wa kutua.

Kwa wapenzi wa ndege za kivita za zamani, kutumiana picha na kumbukumbu kama hizi ni sehemu ya raha yenyewe. Lakini picha hizo zina kazi nyingine ambayo mara nyingi hata mwenye picha haifikirii. Mkiani mwa ndege kuna namba, na namba hiyo ndiyo inayoweza kueleza ndege ilitengenezwa lini, ilikwenda wapi na ilifanya nini huko.

Kwa Afrika Mashariki swali hilo si la mbali. Moja ya ndege zinazopendwa sana na watu hawa iliwahi kudondosha mabomu nchini Kenya.

Ni akina nani hasa?

Wapo marubani wastaafu wa jeshi. Wapo watoto na wajukuu wa waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wapo pia watu ambao hawajawahi kuvaa sare, ila walipenda ndege tangu utotoni na baadaye wakapata pesa ya kujifunza urubani.

Wachache wanamiliki ndege zao. Walio wengi hulipia kiti cha pili, wakaruka na rubani mzoefu kwa nusu saa au saa moja, na wakiwa angani hupewa usukani kwa dakika chache. Dakika hizo chache husimuliwa kwa miaka.

Wanakutana kwenye maonyesho makubwa. Kila mwezi Julai maelfu ya ndege hutua Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani. Uingereza wana Duxford, uwanja wa zamani wa jeshi la anga ambao leo ni jumba la makumbusho, na ndege za zamani bado huruka hapo.

Kwa nini picha nyingi ni za Harvard?

Ndege za vita zenye majina makubwa kama Spitfire na Mustang nyingi zilikuwa na kiti kimoja tu. Mgeni angekaa wapi? Zipo chache zilizoongezwa kiti cha pili, lakini kuruka nazo ni gharama ya maelfu ya pauni au dola.

Harvard ni tofauti. Wamarekani waliiita T-6 Texan, Waingereza na nchi za Jumuiya ya Madola wakaiita Harvard. Ilikuwa ndege ya mafunzo, na tangu mwanzo iliundwa ikiwa na viti viwili: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma.

Zilitengenezwa zaidi ya 15,000. Vijana waliokwenda kurusha Spitfire na Mustang, wengi wao walipitia kwanza kwenye Harvard, iwe Canada, Marekani, Afrika Kusini au Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Jeshi la anga la Afrika Kusini liliendelea kuitumia kufundishia mpaka mwaka 1995, na baada ya hapo nyingine zikaingia mikononi mwa watu binafsi.

Kwa hiyo mtu akitaka kuonja ndege ya enzi ya vita bila kuuza nyumba, Harvard ndiyo mlango ulio wazi.

Kuirusha kukoje?

Kwanza ni kelele. Injini yake ina silinda tisa zilizopangwa kwa duara kama miali ya jua, na nguvu ya farasi 600. Ncha za propela yake huzunguka kwa kasi inayokaribia ya sauti, na ndiyo maana Harvard ikipaa hutoa mngurumo mkali unaosikika mbali. Wapenzi wake huitambua kabla hata ya kuiona.

Pili ni kutoona mbele. Ikiwa chini, ndege hii hukaa kwenye magurudumu mawili ya mbele na kagurudumu kadogo mkiani, pua ikiwa juu. Rubani hutazama injini, si njia. Inambidi aende zigizaga, kulia kidogo, kushoto kidogo, ili achungulie kando.

Tatu ni kutua. Hapa ndipo hadithi nyingi zinapoanzia. Uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ndege ikienda upande kidogo, mkia hutaka kuipita pua. Rubani akichelewa kukanyaga pedali, ndege hujizungusha ghafla na bawa linaweza kugonga ardhi. Wanafunzi wa miaka ya 1940 walilijua hilo, na wanaoirusha leo wanalijua vilevile.

Nne ni mafuta. Hunywa zaidi ya lita 100 za petroli ya ndege kwa saa. Basi ukiona mtu ameruka nayo dakika ishirini na amezisimulia kwa dakika arobaini, usimshangae. Amezilipia.

Namba iliyookoa ndege

Sasa turudi kwenye ile namba.

Tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya washirika yalivamia Normandy, Ufaransa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mamia ya ndege za C-47, ambazo Waingereza waliziita Dakota, zilibeba askari wa miavuli. Iliyoongoza msafara mkuu wa Wamarekani ilikuwa na jina That's All, Brother lililochorwa karibu na pua.

Vita vilipokwisha, ndege hiyo iliuzwa kama nyingine nyingi. Ikapita mikononi mwa wamiliki mbalimbali, rangi ikabadilishwa, jina likafutika. Hakuna aliyekumbuka ilikuwa nani.

Miaka mingi baadaye, mtafiti mmoja wa historia alikuwa akifuatilia nyaraka za rubani aliyeirusha usiku ule. Akaipata namba yake: 42-92847. Alipoifuatilia namba hiyo kwenye kumbukumbu za usajili, ikampeleka Oshkosh, kwenye yadi ya karakana inayobadilisha ndege za zamani ziwe na injini za kisasa. Ndege ilikuwa pale ikisubiri zamu yake ya kukatwa na kugeuzwa.

Mwaka 2015 habari hizo zilisambaa na watu wa kawaida wakachanga pesa kuinunua na kuitengeneza. Mwaka 2018 iliruka tena. Juni 2019, miaka 75 baada ya uvamizi, ilirudi kwenye anga ya Normandy.

Mabati na riveti za ndege hiyo havikuwa na tofauti na za C-47 nyingine. Kilichoiokoa ni namba tu. Ndiyo maana wapenzi makini wa ndege hizi huangalia mkia kwanza, sura ya mtu baadaye.

Raha yenye hatari

Si kila hadithi inaishia kwenye tabasamu. Ndege hizi zina umri wa miaka 80 hivi, na ajali zake zimeua.

Oktoba 2, 2019, ndege aina ya B-17 iliyokuwa imebeba abiria waliolipia ilianguka katika uwanja wa ndege wa Bradley, jimbo la Connecticut, Marekani. Watu saba walifariki. Novemba 12, 2022, B-17 nyingine iligongana angani na ndege ndogo ya kivita kwenye maonyesho ya Dallas, Texas, na watu sita wakapoteza maisha.

Baada ya ajali ya Dallas, wachunguzi waliwaomba mashuhuda wawapelekee picha na video walizopiga. Picha za watu waliokwenda kujifurahisha zikawa ushahidi.

Tangu zamani kuna mjadala ambao haujaisha: je, ndege zilizobaki chache ziendelee kuruka, au ziwekwe makumbusho zitazamwe tu? Wanaozirusha husema ndege iliyosimama ni kama gari juu ya mawe, ya kuangalia tu. Wanaopinga husema ikianguka, imekwenda na watu wake, na hakuna nyingine.

Waliokuwa chini hawakuwa na kamera

Kuna upande mwingine wa hadithi ya Harvard, na unaanzia Nyeri.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya kupambana na Mau Mau. Mwaka 1953, jeshi la anga la Uingereza lilipeleka huko kikosi kidogo cha Harvard kutoka Rhodesia ya Kusini. Kambi yake kuu ikawa Mweiga, karibu na Nyeri, chini ya milima ya Aberdare, yaani Nyandarua.

Ndege ya mafunzo ikageuzwa ndege ya vita. Chini ya mabawa zilifungwa bomu ndogo za kilo tisa hivi kila moja, na bunduki ya rashasha ikaongezwa. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilikuwa imetangazwa maeneo marufuku: aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi. Baadaye yakaja madege makubwa ya Lincoln yenye injini nne, yakirukia Eastleigh, Nairobi. Mashambulizi ya anga yaliendelea mpaka mwaka 1955.

Marubani wa Harvard walikuwa na kamera. Picha zao zipo kwenye albamu za familia na makumbusho: vijana wamevaa kaptura, wameegemea bawa, jua la Mweiga likiwaka. Ukizitazama huwezi kujua kulikuwa na vita, isipokuwa uangalie kilichoning'inia chini ya bawa.

Waliokuwa chini ya miti hawakuwa na picha. Wao walibaki na sauti. Ule mngurumo unaomsisimua mpenzi wa ndege kwenye maonyesho, msituni ulikuwa ishara ya kukimbia na kujificha.

Hapo ndipo umuhimu wa tarehe, mahali na namba unapozidi burudani. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari. Kesi iliyozaa malipo hayo ilihusu mateso, si mabomu. Lakini ilipata nguvu kutokana na mambo mawili: kumbukumbu za wazee wenyewe, na mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Uingereza kwa miongo mingi. Kumbukumbu pekee ingebishiwa. Karatasi pekee zingenyamaza.

Picha ya rubani yenye namba, mwaka na jina la uwanja inaweza kukutana na simulizi ya bibi wa Nyeri, na vyote viwili vikaeleweka zaidi.

Una picha ya zamani nyumbani?

Inawezekana kabatini kwenu ipo picha ya babu karibu na ndege, labda alikuwa askari wa KAR, fundi au kibarua wa uwanja. Kabla hujaipiga kwa simu na kuituma kwenye grupu la familia, angalia haya:

- Mkia na ubavu. Ndege za kijeshi za Uingereza za wakati huo zilikuwa na herufi mbili na namba tatu. Za Marekani, namba huanza na mwaka wa bajeti iliyozinunua, ila mkiani tarakimu ya kwanza huachwa. Ile 42-92847 mkiani huandikwa 292847.

- Herufi za usajili wa kiraia. Enzi za ukoloni ndege za Kenya zilianza na VP-K, Tanganyika VR-T, Uganda VP-U na Zanzibar VP-Z. Baada ya uhuru zikaja 5Y kwa Kenya, 5H kwa Tanzania na 5X kwa Uganda. Herufi hizo peke yake zinaweza kukupa kipindi.

- Rangi. Mistari mipana myeupe na myeusi kwenye mabawa ni alama ya uvamizi wa Normandy, mwaka 1944. Ila ndege nyingi za maonyesho leo zimepakwa hivyo upya, kwa hiyo usiamini rangi peke yake.

- Mgongo wa picha. Geuza. Mara nyingi tarehe, jina la mahali au muhuri wa studio viko nyuma. Piga picha pande zote mbili.

- Mwenyewe. Kama aliyemo kwenye picha au anayemjua bado yupo hai, muulize leo. Mrekodi kwa simu. Jina la kila mtu aliyesimama pale, hata yule wa pembeni anayeshika ndoo ya maji, liandike.

Mara nyingi rubani ndiye aliyeandikwa jina. Yule wa ndoo ndiye aliyesahaulika, na huenda ndiye babu yako.